Mama Zetu Kwenye Insha

Msiba wa kuazima hauna matanga. Mmemsikia shangazi akimwambia hivyo yule kijana aliyekuja kuomba msamaha kwa machozi ya kukodi. Mkacheka, halafu mkageuka kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni niwaambie. Lilitoka darasani, na lilitoka na hasira.

Huko milimani Upareni kulikuwa na Mwalimu Mchome, anafundisha insha darasa la saba. Alikuwa na rimu kuukuu ya gari ameining'iniza dirishani. Akiigonga, mnaanza kuandika. Nusu saa ikiisha anaigonga tena, kalamu chini, hata kama neno liko nusu. Mtoto anayeanza kufikiria ndani ya hiyo nusu saa, alisema, huyo ameshafeli.

Kwa hiyo hawakufikiria. Walikariri. Aliwaandikia ubaoni insha moja tu, na darasa zima wakaimeza kama dawa ya minyoo. Jua linachomoza kwa mbwembwe, ndege wanaimba, halafu katikati mama anakata roho mikononi mwa mwandishi, machozi njia mbilimbili.

"Msahihishaji naye ana mama," Mwalimu Mchome aliwaambia. "Ukimuua wako, yeye analainika. Mada ikija ya barabara, mama kagongwa. Ikija ya usafi, mama kafa kwa uchafu. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu."

Basi kila Ijumaa darasa la saba linaua mama zao, halafu likitoka shule linakwenda nyumbani kula walichopika marehemu.

Sasa humo darasani alikuwemo Namkunda, na mama yake Namkunda alikuwa amekufa kweli.

Alidondoka bombani asubuhi, akienda kuchota maji, huku makande, mahindi na maharage, ameyaacha jikoni kwenye moto mdogo. Wakamkimbiza zahanati kwa bodaboda, hakufika. Mwaka ulikuwa umepita. Lakini kila Ijumaa Namkunda alikaa akiwasikia wenzake wakisoma "ewe mama, mbona umeniacha", wengine wanakanyagana chini ya dawati wasicheke, naye akawa anageuzia uso dirishani. Si kwamba alilia. Ilikuwa hasira.

Siku moja akaandika yake. Hakuweka jua wala ndege. Aliandika kwamba alitoka shule na njaa, akakuta nyumba haina mtu, akafunua sufuria, akala makande yakiwa bado ya moto, akashiba. Ndipo baba yake mdogo akaingia kumwambia.

Mwalimu Mchome alimpa alama kumi na moja kati ya hamsini. Kajiru, kinara wa darasa, alipata arobaini na tano kwa kumuua mama yake kwa radi.

"Namkunda, sufuria siyo msiba," mwalimu alisema mbele ya wote. "Machozi yako wapi hapa? Tamathali iko wapi? Hata haionekani kama umefiwa."

Darasa likacheka kidogo. Namkunda akalifunga daftari.

"Na wiki ijayo wazazi wanakuja kuwaona mnavyoandika kwa saa," akaendelea. "Ukiniletea tena hiyo sufuria yako, mtihani wa kumaliza darasa la saba utaufanyia kwenu. Nitakufuta jina."

Na bila huo mtihani, sekondari angeisikia kwenye redio. Namkunda alilijua hilo. Baba yake alishasema, ukifeli utakwenda kuchunga. Wiki nzima akajaribu kuikariri ile ya mwalimu. Akifika pale mama anapokata roho mikononi mwake, ulimi unagoma. Mikono yake siku ile ilikuwa na kijiko.

Siku ya wazazi ikafika. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, wengine na vitenge vya kanisani. Mratibu wa elimu wa kata akasimama akaandika mada ubaoni: washawishi wazazi wakubali watoto wapikiwe chakula cha mchana shuleni. Mwalimu Mchome akatabasamu, maana kwake mada zote ni moja. Akagonga rimu. Kalamu zikakimbia kama mvua kwenye bati. Akagonga tena.

"Kajiru, tuanzie kwako."

Kajiru akasimama, kifua mbele. Jua likachomoza kwa mbwembwe. Ndege wakaimba. Halafu akapaza sauti. "Ndipo mama yangu mpenzi, kwa sababu ya njaa kali, akakata roho mikononi mwangu. Enyi wazazi, nawasihi..."

"We Kajiru."

Sauti ilitoka benchi la pili. Mama Kajiru alikuwa amesimama, mwanamke mnene, kitenge cha kijani, na hakuwa na dalili yoyote ya njaa. Watu wakaanza kucheka, wakamwona uso, wakanyamaza.

"Nimekufa lini?"

Kajiru akamwangalia mwalimu.

"Usimwangalie huyo, niangalie mimi niliyekufa. Asubuhi nimekukaangia mhogo na hii mikono. Unanichuria kifo mbele ya watu?"

"Mama, ni insha tu," Mwalimu Mchome akaingilia, anacheka kwa meno. "Ni mbinu ya kushawishi."

"Insha tu? Haya, mwalimu, muue wa kwako. Si yupo hai huko Same? Simama hapo, muue tusikie."

Mwalimu akaanza kupanga chaki mezani.

"Tena ngoja," Mama Kajiru akamgeukia mwanawe. "Nimekufa, sawa. Matanga yangu yalikaliwa wapi?"

Akasogea hatua moja mbele.

"Nani alileta kuni? Nani alilala na wadogo zako? Maiti nilioshwa na nani?"

Kajiru akapekua karatasi mbele nyuma, kana kwamba jibu liko pale. Ile insha iliishia kwenye machozi. Hakuna aliyewahi kuwakaririsha kinachokuja baada ya machozi.

"Unaona? Msiba wa kuazima hauna matanga," mama yake akasema. "Keti."

Hapo mabenchi yakachafuka. Kila mama akawa anamtafuta wa kwake kwa macho. "Na wewe umeniua?" "Hebu lete hiyo karatasi." "Mimi umeniua na nini, wewe?" Mratibu anapiga meza, hakuna anayemsikia.

Namkunda akasimama bila kuitwa. Mwalimu Mchome akamnyooshea kidole, keti chini. Hakuketi. Akaanza kusoma, sauti kavu. Akasoma bomba. Akasoma njaa ya kutoka shule, nyumba haina mtu, sufuria ya moto. "Nilikula nikashiba, na mama yangu alikuwa ameshakufa. Mpaka leo nikirudi nyumbani mchana naogopa kufunua sufuria. Pikeni hapa. Wazazi, pikeni hapa, tule pamoja, mtu asile peke yake bila kujua."

Hakulia. Aliposhusha karatasi ndipo akaona Mama Kajiru bado amesimama.

"Ile sufuria niliisugua mimi," Mama Kajiru akasema polepole. "Siku ya matanga. Niliyakuta makande yameliwa upande mmoja, na kijiko ndani. Nikawauliza wenzangu, jamani, nani amekula kwenye nyumba hii?" Akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Kumbe ni wewe, mwanangu."

Na akina mama wengine, walioleta kuni siku ile, walioleta maji, waliolala kwenye mikeka ya matanga, wakainamisha vichwa, kila mmoja na alichokikumbuka.

Chakula kilikubaliwa palepale. Baadaye Mwalimu Mchome alimwita Namkunda mezani, akaifuta ile kumi na moja kwa kalamu nyekundu, akaandika arobaini na nane, akamsogezea daftari bila kumwangalia usoni.

Namkunda akalirudisha.

"Sikuja kuomba alama, mwalimu. Niandike jina kwenye mtihani."

Akaandikwa. Hawakusalimiana vizuri mpaka anamaliza shule, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo mtu akija kuwalilia hapa, nyie msimhesabie machozi. Muulizeni kuni alileta nani. Aliyefiwa atakujibu hata ukimwamsha usingizini. Huyo mwingine atapekua karatasi, maana msiba wa kuazima hauna matanga.