Kibuyu cha Kumi

Hapo zamani za kale, wanangu, nyimbo zilipokuwa zikiuzwa ndani ya vibuyu, aliishi ndege mwimbaji jina lake Kurumbiza. Aliimba ndani ya kibuyu, akakiziba kwa gunzi la hindi. Ukichomoa gunzi, po! wimbo unatoka.

Kurumbiza alikuwa na vibuyu thelathini vya wimbo wake mpya, na makapu ya nyimbo kumi kumi, yale ambayo siku hizi mnayaita albamu. Lakini wimbo ulidoda. Siku tatu sokoni kilitoka kibuyu kimoja tu, na mnunuzi alikuwa shangazi yake.

Vibuyu alivikopa shambani kwa Kiboko, na wawili hao walikuwa wameahidiana hivi: wimbo usipokwisha kufikia siku ya gulio, Kurumbiza atahamia bwawani awabembeleze watoto wa Kiboko maisha yake yote. Kila akikumbuka hilo, alihesabu upya vibuyu vilivyobaki.

Tifu, tifu, tifu. Kiboko akaja kumtazama.

"Mwanangu, gawa kapu zima bure. Wakishakuzoea watanunua."

"Wakishapewa zote watanunua nini, mzee?" akauliza Kuchakuro, kindi wa ardhini, aliyekaa juu ya kapu moja akitafuna karanga. Yeye ndiye aliyemtafutia Kurumbiza wateja.

"Nyamaza, wewe mkia mtupu. Wimbo huu hauuziki, hata mngekuwa na sauti kama yangu."

Kuchakuro akaacha kutafuna. "Mzee, umeusikiliza? Kitendawili."

Kiboko alilelewa vizuri, hakuweza kujizuia. "Tega." Kuchakuro akachomoa gunzi la kibuyu kimoja cha wimbo mpya.

Po!

*Ana mlango usoni, ukifunguka twahama;*
*Kutwa yumo kiooni, sura hajaitazama.*

"Mamba," akasema Kiboko.

"Siye."

"Pango."

"Pango lina uso, mzee? Sema umeshindwa, utupe mji. Jibu limo kwenye kibuyu cha kumi cha kapu hili."

"Nishindwe na kitu kinachoenea sikioni mwangu?" Akageuka, akaenda zake.

"Umemkasirisha," Kurumbiza akanong'ona.

"Nimemwajiri, dada."

Kweli, Kiboko hakutulia. Alimwuliza Twiga, akamwuliza Nyati, akapanda kilimani akawauliza nyani wote kwa mpigo. "Ana mlango usoni!" alinguruma, na bonde zima likasikia.

Kesho yake soko lilifurika.

"Ni Fisi huyo," alisema nyani mmoja.

"Fisi ana kioo wapi, bwana? Nipe kibuyu nisikilize mwenyewe."

Kurumbiza aliuza vibuyu hadi mabawa yakamwuma. Kabla ya adhuhuri havikubaki hata vya kuonjesha.

"Na kapu mnafungua lini?" wakauliza.

"Siku ya gulio," akajibu Kuchakuro. "Tunamngoja Mzee Kiboko atoe mji."

Siku ya gulio Kiboko alifika macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimeshindwa," akasema polepole. "Chukueni mji. Nawapa bwawa langu."

"Tumefika bwawani," akasema Kuchakuro, kama desturi ilivyo, "tumekula majani, tumelalia tope, tumerudi. Dada, chomoa."

Kurumbiza akachomoa gunzi la kibuyu cha kumi. Po!

*Ni Kiboko.*

Kiboko akainamia beseni la maji la muuza samaki, akajiangalia kwa mara ya kwanza katika kioo hicho cha maji. Mdomo ukamfunguka kwa mshangao, mpana, mpana kabisa, na wanyama wote wakaruka nyuma, pu!

"Mbona mnakimbia?" akauliza. Halafu akaelewa. Tumbo likaanza kutikisika, akacheka mpaka beseni likapinduka.

"Kumbe nimewatangazia mimi mwenyewe. Haya, wimbo umekwisha, Kurumbiza, kaa kwenye mti wako. Lakini kapu la kwanza ni la watoto wangu, wakalale kwa hilo."

Hapo ndipo Kurumbiza aliporukia kwenye mti wake, akaanza kuimba wimbo mwingine.

Nami naishia hapo, wanangu, nikiwaachia neno moja: mkubwa anayeona aibu kusema "sijui" huwafanyia wadogo kazi bila kufahamu.