Kwa Nini Wafalme wa Wagiriki Hufia Nyuma ya Mlango

Timandra alikuwa amechutama uani, anakamua sufu ya kondoo aliyotoka kuifua, jirani yake Glike alipoingia bila hodi.

"Dada Timandra, Nikandro wako amechomwa kisu uwanjani. Damu nimeiona kwa macho yangu."

Haya yalitokea zamani sana, katika kijiji kimoja cha Wagiriki. Enzi hizo, kila baada ya kuvuna zabibu, vijana walikusanyika kwenye uwanja wa kupuria shayiri wakaigiza kwa nyimbo habari za wafalme na misiba yao. Hakuna kilichofichwa. Aliyeuawa katika hadithi alianguka palepale, mbele ya watoto na wazee. Mwaka huo Nikandro, mwanawe Timandra, ndiye aliyekuwa mfalme. Alificha kibofu cha mbuzi kilichojaa damu chini ya kanzu, asimwambie mtu. Glike alipoona damu inaruka, hakungoja mwisho.

Timandra alikimbia na sufu mkononi, akilia njia nzima. Alipita katikati ya waimbaji, akamwinua mwanawe kichwa.

"Mama, toka," Nikandro alinong'ona. "Bado sijaombolezwa."

Timandra alimchapa na ile sufu mbichi hadi mfalme akasimama, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Timandra aliketi chini, akamshika kijana kifundo cha mguu asije akaondoka tena.

Alipopata pumzi aliwaambia wazee, "Kuanzia leo, atakayekufa akafie ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kisha atoke mmoja atuambie."

"Mama Nikandro, nani atalia kwa kitu asichokiona?" aliuliza Hermo, kiongozi wa waimbaji.

"Mimi kule nyumbani niliona nini? Na nimelia kuliko ninyi wote mliokuwa hapa."

Na tangu siku hiyo, katika michezo ya huzuni ya Wagiriki, wafalme hufia nyuma ya mlango. Mjumbe hutoka kusimulia, na watu hulia kwa kusikia tu.

Timandra mwenyewe alikuwa na kazi nyingine. Jioni ile alipakua dengu, akamwita kila mtu kwa jina: mumewe, mama mkwe, mabinti wawili, na Nikandro, ambaye bado alinuka mbuzi. Walikuwapo wote. Akawaambia, kuleni.