Tovuti Iliyopewa Somo

Bwana Shaweji, tajiri wa mtaa, alilinunua jina la tovuti la Mikeka mtandaoni akalikalia tu. Bi Mwanakheri, aliyeishi kwa kusuka mikeka, akamwendea kuliomba kwa ajili ya tovuti yake mpya.

"Silitoi ng'o! Iite jina langu."

"Haya, itaitwa Shaweji."

Bi Mwanakheri akaualika mtaa mzima kwa kahawa na halua. Jina likatangazwa, vigelegele vikapigwa, Shaweji akavimba kichwa.

"Sasa, somo," akasema Bi Mwanakheri, "desturi ni mwenye jina kumtunza mtoto zawadi mbele ya watu. Mwanangu, tovuti hii, anataka lile jina la Mikeka tu."

Macho yote yakamgeukia. Shaweji akalitoa huku jasho likimtiririka.

"Na jina langu je?"

"Hilo la nyumbani, bwana. La shuleni ni Mikeka."