Mama Pimbi Abisha Hodi kwa Tatu

Paukwa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale mvua iligoma, ikabaki chemchemi moja tu. Chatu akajikunja juu yake. Kila aliyetaka maji alipewa fumbo: "Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, utoe tisa. Kisha gawanya kwa namba ile ya mwanzo toa tatu. Namba ikikaribia tatu, jibu linakaribia ngapi?"

Fisi, na pupa yake, akatia tatu papo hapo. Tatu mara tatu, tisa. Toa tisa, sifuri. Tatu toa tatu, sifuri.

"Sifuri juu, sifuri chini!" Chatu akamcheka. "Rudi na kiu yako!"

Akaja Nyati na mapembe yake. Naye akatia tatu.

"Sifuri juu, sifuri chini! Rudi na kiu yako!"

Wa tatu alikuwa Mama Pimbi, kanyama kadogo ka majabalini. Watoto aliokuja nao midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Inauma, jamani!

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jibu?"

"Polepole, mzee. Nyumba ya mtu haivamiwi. Nabisha mlango wa mbele, kisha wa uani."

Akatia mbili na nusu, akapata tano na nusu. Akatia tatu na nusu, akapata sita na nusu. Akazidi kusogea huku na huku, tatu yenyewe haigusi. Pande zote mbili zikamwelekeza kwenye sita, naye akaitaja.

"Unabahatisha wewe!" Chatu akamkemea.

"Sibahatishi. Namba mara yenyewe, toa tisa, ni sawa na namba toa tatu, mara namba jumlisha tatu. Na chini ipo namba toa tatu. Maadamu sijaikanyaga tatu, hiyo si sifuri. Naifuta juu, naifuta chini. Inabaki namba jumlisha tatu. Jibu linakaribia sita!"

Chatu akaungama.

"Mama, hata mimi sikulijua. Marehemu babu aliniachia fumbo hili, nikaapa sinywi wala simnyweshi mtu mpaka lijibiwe. Kila siku natia tatu, kila siku sifuri."

Akajikunjua, maji yakang'aa. "Watoto kwanza," akasema.

Wakanywa watoto, akanywa mama yao, wakaitwa Fisi na Nyati wakanywa. Mwisho kabisa, akiona haya kidogo, Chatu naye akainamisha kichwa akanywa.

Hadithi yangu naiacha papo hapo, wote wameshiba maji.