Diski Iliyopotelewa na Lebo

Fundi Mbelwa alikuwa ametembea. Muskat kafika, Guangzhou kafika, Lubumbashi kafika, na kila safari alirudi na cheti kimoja cha kompyuta na begi la mtu mwingine. Kwa hiyo redio ya mtaani kwao ilipopata balaa, aliitwa yeye.

Redio hiyo ilikuwa na kabati la diski lililotumiwa na kompyuta zote za studio kwa pamoja. Kila diski ina lebo iliyoandikwa ndani yake, mwanzoni kabisa, ya kuziambia kompyuta hii ni diski gani na imebeba nini. Umeme ulipokatika Jumatano, lebo ya diski moja ikavurugika. Tangu hapo kila kompyuta ikawa na wimbo mmoja: diski hii ni tupu, niifute tuanze upya?

Meneja, Bwana Chilumba, alikuwa radhi. "Ifute, fundi. Nafasi yenyewe tunaihitaji."

Lakini kwenye benchi alikaa Bi Zuwena, tangu asubuhi. Marehemu mumewe, Makame, alikuwa mtangazaji hapo na rafiki wa Mbelwa. Kabla hajafariki alirekodi maneno ya kumuaga binti yao siku atakayoolewa. Harusi ni kesho. Maneno yamo kwenye diski ile.

Mbelwa alijaribu yote aliyoyasomea. Akajaribu na ambayo hakuyasomea. Kufika adhuhuri, hata vyeti vyake vilikuwa vinatoka jasho. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Pole, shemeji. Kompyuta tatu zimesema ni tupu."

"Zimesoma wapi?"

"Kwenye lebo."

"Si umesema lebo imeharibika?"

"Ndiyo."

"Sasa zimejuaje?"

Mbelwa akakohoa. Bwana Chilumba akaangalia dari.

"Shemeji, sufuria zangu haziikosi harusi hata moja mtaa huu," akasema Bi Zuwena. "Jina naliandika ubavuni kwa rangi. Moto unalibabua, wenzangu wanalisugua kwa mchanga, linakwisha. Ndiyo sufuria imekuwa si yangu? Naigeuza. Chini ya mkono wake wa kushikia nimelikwaruza kwa msumari. Hao waliotengeneza diski hawajawahi kuazimisha sufuria?"

Mbelwa akatoa kidole kwenye kitufe. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe walikuwa wamewahi. Mfumo wa diski zile huweka nakala ya lebo ndani zaidi, mbali na ile ya kwanza. Somo hilo alifundishwa Muskat, siku ya tatu, baada ya pilau, akiwa amesinzia.

Akaitafuta. Ipo, nzima. Akainakili mahali pa ile iliyovurugika. Sekunde mbili tu, na rekodi zote zikajipanga kwenye kioo cha kompyuta kama wageni waliosikia sahani zinagongana.

Sauti ya Makame ikaijaza studio: "Mwanangu Raya, nimekuridhia. Na wewe bwana harusi, ukichelewa nitakuelewa. Mimi siku ya harusi yetu nilimngojesha mama yake saa moja nzima, na hadi leo naulizwa."

Bi Zuwena akafuta machozi huku anacheka.

"Saa tatu nzima," akasema. "Mtu kafa, bado anapunguza."

Funzo: Chombo kikifutika jina, usiseme ni kitupu, kigeuze kwanza utazame. Na binadamu ni vivyo hivyo.