Mshauri wa Mifugo Aliyenenepa Wakati wa Ukame

Mwaka huo vuli haikunyesha katika bonde la Mibono, na masika yakaja na upepo mtupu. Nyasi zikaisha. Aliyebanwa zaidi alikuwa Simba, maana alifuga ng'ombe arobaini, na jinsi alivyowapata si habari ya leo. Malisho yaliyobaki yalitosha ng'ombe kumi na watano, tena kwa kubana sana.

Jirani yake Sungura, mkulima wa mtama, akamwendea. "Mzee, wapeleke wengine mnadani sasa, wakiwa bado na nyama mgongoni. Nikivuna, mabua yangu yatawatosha watakaobaki."

Simba akatikisa manyoya. "Mimi nipunguze kundi? Watu wataniona nani?"

"Watakuona mfuga kuku," akadakia Fisi, ambaye alikuwa amejipa cheo cha mshauri wa mifugo, bure kabisa. "Mkubwa hapunguzi, Mzee. Mkubwa anavumilia."

Maneno hayo yakamkaa Simba vizuri. Ng'ombe wakaanza kufa, na kila aliyekufa alitupwa nyuma ya boma, kama ilivyo desturi. Huko nyuma ya boma ndiko mshauri alikohamishia kitanda chake. Waliokufa walipofika wanane, bonde zima lilikuwa limekonda, ila Fisi alitembea akihema kwa shibe. Simba hakuona, alikuwa anajitazama mwenyewe.

Fisi akaongeza ushauri. "Waingize kwenye mtama wa Sungura."

Mtama ulikuwa umebakiza wiki mbili kukomaa, na wanawe Sungura hawakuwa na chakula kingine. Sungura alikuwapo akisikia. Aliogopa, lakini akainama kwa adabu.

"Wewe ndiye mkubwa, Mzee. Nipe siku tatu tu kabla hujawaingiza. Na hii mizoga italeta kimeta. Amuru kila anayekufa azikwe kwenye shimo refu na kufunikwa miiba. Mshauri wetu hatajali, si anajitolea?"

"Sijali," Fisi akasema kwa shida.

Simba akaamuru. Siku ya kwanza wakazikwa wawili, siku ya pili mmoja. Siku ya tatu asubuhi Fisi akaja mbio, tumbo limemshika mgongo.

"Mzee, nimetafakari upya. Nusu ya kundi iende mnadani leo hii. Nitawaswaga mwenyewe, na akianguka mmoja njiani, usihangaike, nitamshughulikia."

Simba akamkazia macho. "Juzi mkubwa hapunguzi. Jua ni lile lile, nyasi ni zile zile. Kimebadilika nini?"

Macho ya Fisi yalikuwa yameganda kwenye kaburi la ng'ombe.

"Ni lile shimo tu, Mzee," akasema Sungura.

Siku hiyo Simba alielewa, na alipoelewa alikasirika kama wote wanaochelewa kuelewa. Fisi alifungwa kwenye nguzo ya zizi, akatupiwa mzigo wa mabua ya mwaka jana.

"Mshauri wa malisho ayajue malisho," Simba akamwambia. "Tafuna."

Akatafuna wiki nzima, huku ng'ombe wakimwangalia. Nusu ya kundi ikaenda mnadani, mtama ukavunwa, na waliobaki wakafika hadi mvua. Simba naye akawatangazia majirani kwamba kupunguza kundi lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Walipiga makofi, wafanye nini?

Nawe mwenye zizi, ukipata mshauri wa bure, muulize kwanza yeye atakula nini siku ng'ombe wako wakipona.