Fisi na Mashimo ya Kupangisha

Zamani, wakati wanyama walikuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, mvua iligoma. Mito ikakauka, majani yakawa vumbi, na katika nchi nzima kikabaki kisima kimoja chenye maji ya kueleweka. Kila mwenye miguu akahamia hapo. Haukupita muda pakawa mji: una foleni, una wambea, na una shida ya nyumba.

Nyumba zenyewe zilikuwa mashimo ya Mhanga. Mhanga, kama humjui, ni mnyama wa pua ndefu ambaye kazi yake ni kuchimba. Anachimba akitafuta mchwa, anakula, anaondoka zake, wala harudi kuangalia alichoacha. Desturi ilikuwa nyepesi: shimo lililohamwa na Mhanga ni la yule atakayelala humo kwanza. Mashimo yalikuwa mengi na wanyama wachache, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi.

Sasa wanyama wakawa wengi, na Fisi aliliona hilo kabla ya wote. Simnyimi sifa yake. Kwenye mambo ya kula, Fisi ana akili. Alizunguka mji mzima akijipangusa matako kwenye mlango wa kila shimo, na harufu ya Fisi, jamani, haihitaji mhuri. Watu walilala wenye nyumba, wakaamka wapangaji.

"Umelinunua lini shimo langu?" Nungunungu akamuuliza.

"Nusa," akasema Fisi.

Nungunungu akanusa, akakohoa, akakubali.

Kodi ilikuwa mifupa, maana Fisi hapokei kitu kingine. Mifupa yenye uboho, ya kuokota huko mbugani, miezi sita mbele. Dalali alikuwa Sungura, na nani mwingine? Kila aliyepata shimo alimpa Sungura nafasi yake ya mbele kwenye foleni ya maji. Mji ulivyozidi kujaa, Fisi naye akazidi kupandisha. Ukilalamika, unaambiwa kuna familia mbili za mbweha zinasubiri hapo nje, na hazina maneno mengi kama wewe.

Katika shimo la jirani na kisima aliishi Mama Ngiri na wanawe wanne. Alikuwa mjane. Baba wa watoto aliliwa na Chui, na Chui mwenyewe alikuwa bado anazunguka nje ya mji. Siku moja Fisi akafika mlangoni pake, Sungura nyuma yake.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, Bwana Fisi. Kodi nimeshalipa."

"Hiyo ya zamani, mama. Mji umepanda, na hapa ni karibu na maji. Sasa nataka na dhamana."

"Dhamana gani tena? Mifupa imekwisha. Nimezunguka mbugani mpaka kwato zinaniuma."

Fisi akawatazama watoto, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua embe sokoni. "Mmoja tu," akasema. "Yule mnene. Ukihama, unarudishiwa."

"Utamtunza wapi?"

"Hilo niachie mimi," Fisi akasema, akajilamba.

Mama Ngiri akawasogeza watoto nyuma yake. "Kaka, nakuomba. Ukinitoa hapa, Chui hatatuacha hata jioni ifike."

"Kwa hiyo utabaki na watatu, au utatoka na wote wanne. Fikiria. Kesho mchana nakuja kuchukua jibu."

Fisi akaondoka. Sungura akabaki. Nisimsingizie huruma, hakuwa nayo ya kutosha. Lakini alijua kwamba habari ya dhamana ya watoto ikienea, hakuna atakayetafuta nyumba kwa dalali tena. Halafu yule mtoto mnene alikuwa amemlalia mguuni, na alikuwa wa moto. Sungura alijaribu kuuvuta mguu, akashindwa.

"Mama," akauliza, "nyumbani kwako huwa unaingiaje?"

"Kinyumenyume. Ngiri wote tunaingia hivyo. Watoto wanatangulia, mimi nafuata, matako ndani, meno mlangoni."

"Fisi anajua?"

"Atajulia wapi? Hajawahi kuingia. Yeye anapokea akiwa nje."

Sungura akatikisa masikio. "Basi kesho mchana usiende kisimani."

Kesho yake Fisi akaja, mate yanamtoka. Sungura alimngoja njiani.

"Bwana Fisi, sasa hivi ni zamu ya ngiri kwenye maji. Utamkuta nani wa kukupa jibu?"

"Jibu la nini?" akacheka Fisi. "Nyumba yangu, mtoto wangu. Naingia mwenyewe."

"Na kama mama yao yumo?"

"Wewe nawe! Aliyemo shimoni si mkia wake uko mlangoni? Nitamng'ata mkia, atasogea."

"Kweli kabisa," akasema Sungura, akakaa pembeni, mahali pa kuonea vizuri.

Fisi akazamisha kichwa, akazamisha na mabega. Kisha ardhi ikatikisika, na Fisi akatoka kwa kasi ambayo hakuingia nayo, pua imechanika, shavu linaning'inia. Alikimbia akilia moja kwa moja mpaka kisimani, ambako Simba alikuwa amejilaza. Simba hapangi foleni.

"Mkuu, nimeumizwa! Mpangaji amenijeruhi ndani ya nyumba yangu!"

Mji mzima ukakusanyika, na Sungura akainua mkono. "Mkuu, asemayo ni kweli. Nyumba ni yake. Zote ni zake, kuanzia kile kilima mpaka hapa kisimani. Nusa mwenyewe."

Simba akainamisha pua. "Hata hapa nilipolala?"

"Hapo, mkuu, nadhani utaanza kulipa mwezi ujao."

Simba akasimama taratibu. "Fisi. Mimi ni mpangaji wako?"

"Hapana, mkuu! Ala! Ardhi ni yako!"

"Na nyumba zilizo kwenye ardhi yangu?"

"Zako, mkuu. Zako zote."

"Basi leo mchana, yule mama amemuumiza nani? Mwenye nyumba, au mwizi?"

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyemsaidia.

"Mwizi," akasema kwa sauti ndogo.

Simba alinguruma mara moja tu. Fisi hakungoja hukumu. Alishika njia ya mbugani, na mjini hakuonekana tena.

Ndipo Nungunungu, ambaye Mungu hakumjalia kunyamaza, akauliza, "Mkuu, sasa kodi tukuletee wewe?"

Wote wakatamani kumziba mdomo. Lakini Simba alimtazama kwa dharau kubwa. "Mimi? Nisimame mlangoni kwa nungunungu, nikingoja mfupa?" Akajilaza tena. Kodi ikafia hapo hapo.

Mama Ngiri hakuyasikia hayo. Alikuwa bado shimoni, meno nje, damu ya Fisi imekauka juu yake. Sungura alimwita mara nyingi kabla hajakubali kutoka. Alipotoka, aliwanusa watoto wote, kisha akakaa chini akalia.

"Ameondoka, mama," akasema Sungura. "Sasa mbona unalia?"

"Na wewe ndiye uliyemleta mlangoni kwangu," akasema Mama Ngiri.

Sungura aliinamisha masikio, akaenda kisimani, akasimama mwisho wa foleni.

Na Fisi je? Mifupa ile angeitafuna mpaka uzeeni, wala asingeulizwa na mtu. Akataka na mtoto wa mwenzake.